Songea Yajiandaa kwa Februari 27

Msafiri aiendeaye Songea kutokea Makambako huipita Njombe yenye baridi, kisha Madaba, halafu huteremka kati ya mashamba ya mahindi ambayo mwezi Februari huwa yamesimama marefu kuliko mtu. Barabara ni ya lami na madereva wa mabasi wanajua hivyo kupita kiasi. Mji wenyewe umekaa chini ya vilima vya Matogoro, ambako mto Ruvuma unaanza kabla ya kwenda kuwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Ni mji wa biashara ya nafaka, wenye soko lililojaa maharage na watu wasio na haraka ya kuagana.

Jambo la kwanza ambalo mgeni anapaswa kulijua ni kwamba mji huu unaitwa kwa jina la mtu aliyenyongwa ndani yake. Songea Mbano alikuwa nduna, yaani mkuu chini ya nkosi wa Wangoni wa Njelu. Wajerumani walipojenga boma lao hapa mwaka 1897, kituo kilichukua jina la nduna huyo. Mwaka 1906 walimwua mwenye jina, lakini jina hawakuliondoa. Mpaka leo barua za serikali, tiketi za basi na magunia ya mahindi yanalitaja.

Nilifika Februari 2024, siku chache kabla ya kumbukumbu ya mashujaa wa vita vya Maji Maji ambayo huadhimishwa hapa kila mwaka kufikia tarehe 27. Kwetu Uganda nimeketi katika kamati za maandalizi kiasi cha kutosha, kwa hiyo nilipoalikwa kukaa benchi la nyuma katika kikao kimoja cha maandalizi, sikutazamia maajabu. Kamati ni kamati popote. Kulikuwa na mwenyekiti mwenye saa kubwa, katibu mwenye daftari, walimu wawili, wazee watano au sita waliovaa makoti licha ya joto, na akina mama ambao ndio waliojua kwa hakika idadi ya sahani. Nusu saa ya mwanzo ilikwenda kwa mambo ya mahema, vipaza sauti, na nani alipe mafuta ya lori la kubeba viti. Mwalimu mmoja aliomba maji ya kunywa kwa ajili ya wanafunzi watakaoandamana juani. Katibu alipouliza, "Maji kiasi gani?" mzee mmoja alicheka peke yake, na baada ya kitambo kidogo wengine wakaelewa wakacheka pia.

Maana maji ndiyo yaliyoleta siku hiyo. Mwezi Julai 1905 watu wa milima ya Matumbi, karibu na pwani ya Kilwa, waling'oa mipamba waliyolazimishwa kuilima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amekwisha kuwapa watu dawa ya maji iliyosemwa kuwa itazigeuza risasi za Wajerumani ziwe maji. Yeye mwenyewe alinyongwa mapema mwezi Agosti mwaka huo huo, lakini dawa ilikwisha kuondoka mikononi mwake. Ilisafiri kutoka kabila hadi kabila mpaka ikafika Ungoni, kwa watu ambao babu zao walitoka kusini mwa Afrika, wakauvuka mto Zambezi mwaka 1835, na wakajulikana kwa mkuki. Bunduki za rashasha hazikugeuka maji. Baada yake yakafuata maangamizi ya kuchoma vijiji na ghala za chakula, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wajerumani walikadiria waliokufa katika eneo lote la vita kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamefikia 250,000 na hata zaidi.

Tarehe 27 Februari 1906 wakuu na wapiganaji wa Ungoni walinyongwa hapa Songea, akiwamo Nkosi Mputa Gama. Hesabu inayotajwa mjini ni mashujaa 67. Kati yao 66 wamelazwa katika kaburi moja la pamoja, naye Songea Mbano ana kaburi lake peke yake. Husimuliwa kwamba Wajerumani walitaka kumbakiza hai, akakataa kuishi baada ya wenzake, ndipo naye akanyongwa siku chache baadaye. Husimuliwa pia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Hapo ndipo kikao kilipoacha kuwa kama vikao vyetu vyote.

Katibu alisoma mpangilio wa maandamano: bendi mbele, kisha wazee, vikundi vya ngoma, wanafunzi, na wananchi. Kijana mmoja akasimama, akaomba radhi kwa wazee, akapendekeza kwamba mbele ya wote ibebwe kigoda kitupu kisichokaliwa na mtu, ili wageni waone kuwa kuna ambaye hajarudi kamili. Alikumbusha kwamba tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika katika mji huu huu, akakutana na jamaa wa Songea Mbano na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa, na kwamba aliahidi juhudi za kulitafuta fuvu bila kuahidi kwamba litapatikana. "Wakisahau huko," alisema kijana, "kigoda kitawakumbusha."

Mzee aliyemjibu hakupandisha sauti. Alisema kwamba kigoda kitupu huwekwa kwa mtu aliyepotea, nao wazee hawajapotelewa na mtu, wanajua alipolala. Kilichopotea ni sehemu ya mwili wake, na aliyeipoteza ndiye anayepaswa kuhangaika, si wenye msiba. Mzee mwingine hakukubaliana naye. Alisema watoto wa siku hizi hawasomi kaburi, wanasoma kinachopita barabarani. Mama mmoja, ambaye hadi hapo alikuwa akihesabu sahani, aliuliza kama ni sherehe inayopangwa au ni matanga, kwa sababu chakula cha sherehe na cha matanga hakipikwi kwa namna moja.

Sikuwahi kusikia swali hilo likiulizwa hivyo wazi. Kwetu Bunyoro, Mukama Kabalega alikamatwa mwaka 1899 na kupelekwa Shelisheli. Mwaka 1923 alikuwa akirudishwa nyumbani, akafia Jinja, na mwili wake ukaletwa kuzikwa Mparo, karibu na Hoima. Hatukuonja utawala wake tena, lakini tulimzika mzima. Nilipowasikiliza wazee wa Songea nilitambua kwamba sisi tunaweza kumpigia Kabalega ngoma kwa moyo mweupe, na kwamba wenzetu hawa hawajaruhusiwa bado kufika hapo. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza habari ya mafuvu zaidi ya 1,100 ya watu wa Afrika Mashariki yaliyohifadhiwa huko tangu ukoloni, mengi yakitoka Rwanda, mengine Tanzania na machache Kenya, na kwamba kwa mafuvu machache kabisa walikuwa wamepata jamaa walio hai huku Tanzania. Anayesema mambo haya ni ya kale hajakaa benchi nililokalia.

Kesho yake nilikwenda makumbusho ya Maji Maji, mtaa wa Mahenge, penye kaburi la pamoja na sanamu za wakuu wa Kingoni. Majina yamechongwa. Ukiyasoma polepole utakuta ya Kingoni, ya Kiislamu na ya ubatizo, kwa kuwa padre mmoja wa misheni aliruhusiwa kuwabatiza baadhi ya wafungwa kabla ya kitanzi, ilhali misheni yao ya Peramiho ilikuwa imechomwa moto katika vita hivyo hivyo. Utakutana pia na Nduna Mkomanile, mwanamke, aliyeisambaza dawa ya maji upande wa Namtumbo na kunyongwa pamoja na wanaume. Si kila aliyepigana alikuwa Mngoni wa damu. Wengi walikuwa wa makabila ambayo Wangoni wenyewe waliyateka zamani, na kwa maoni yangu, kufa pamoja kwa watu ambao babu zao walikuwa bwana na mateka ni habari kubwa kuliko habari ya mkuki, ingawa mkuki ndio unaopendeza kwenye maandamano.

Kikao cha pili kilikuwa kifupi. Mwenyekiti alikuwa amezungumza na wazee jioni, nje ya kikao, kama ilivyo desturi ya mambo mazito. Kigoda hakikukubaliwa. Badala yake maandamano yangekwenda bila bendi na bila ngoma mpaka makaburini. Padre na shehe wangeomba. Majina yangesomwa yote, si ya wakuu peke yao. Na baada ya jina la mwisho ndipo vikundi vya ligihu na lizombe vingeruhusiwa kuanza. Jina la Mkomanile lingesomwa na msichana wa shule. Kijana wa kigoda alipewa kazi ya kuandika majina hayo upya kwa herufi kubwa, ili msomaji asikosee, naye akaipokea kwa uso ambao haukuwa wa furaha wala wa chuki.

Kuhusu chakula, akina mama waliamua wenyewe: ugali na maharage mchana, nyama jioni baada ya ngoma. Katibu akaandika. Mwalimu akasimama tena kuuliza habari ya maji ya watoto, na safari hii hakuna aliyecheka. Wakamwandikia mapipa manne na lori la kuyabeba.