Kamera ikiwa kwenye stendi, zima kizuia mtikisiko

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, leo mbolea na mbegu tuziweke pembeni kidogo. Nataka tuzungumze kuhusu picha mnazonitumia, maana siku hizi mara nyingi naliona shamba lako kwenye simu kabla sijafika kwa pikipiki.

Tangu kiwavijeshi vamizi aingie kwetu mwaka 2017, picha imekuwa na thamani ya pesa. Unamtambua kwa alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne meusi yaliyokaa mraba karibu na mkia. Picha ikiwa na ukungu, madoa hayo hayaonekani, na mimi siwezi kukuambia kama ni yeye au ni bungua. Hapo ndipo mtu anakimbilia dukani kununua dawa ya kubahatisha.

Kijana mmoja wa kata yangu anayepiga picha za harusi alijitolea kutusaidia. Kamera yake nzuri, lenzi ya kuvuta, stendi imara ya miguu mitatu. Picha zikatoka na ukungu. Alikuwa ameshapanga kupeleka lenzi kwa fundi mjini, nauli na gharama juu yake. Nilipoitazama lenzi ubavuni niliona swichi ya kizuia mtikisiko iko wazi. Tukaizima, akapiga tena kiwavi yuleyule, madoa manne yakahesabika.

Sababu ni hii. Lenzi ya namna hiyo ina kihisio kinachotambua mkono ukitetemeka, na kioo kimoja cha ndani husogezwa upande wa pili ili picha itulie. Canon walitoa ya kwanza kwa kamera za kubadilisha lenzi mwaka 1995. Mkononi ni msaada mkubwa kweli. Kwenye stendi hakuna cha kusahihisha, lakini kifaa hakitulii. Katika lenzi nyingi za zamani kinausoma mtikisiko wake chenyewe kana kwamba ni mkono, kinausahihisha, kinatikisika tena, na picha inahama taratibu. Utaliona tatizo zaidi mahali penye mwanga mdogo, ghalani au jioni chini ya migomba, pale kamera inapohitaji hata nusu sekunde kuchukua picha.

Tafuta swichi ubavuni mwa lenzi: Canon huandika IS, Nikon VR, Tamron VC, Sigma OS. Nyingine huzimwa kwenye menyu ya kamera. Zipo lenzi mpya zinazotambua stendi zenyewe, ila usiamini maneno ya muuzaji, wala yangu. Piga picha mbili, moja ikiwa imewashwa na nyingine imezimwa, uzikuze kwenye kioo cha kamera, ulinganishe. Faida nyingine: ukizima, betri inakaa zaidi, na wengi wetu tunachaji kwa jirani mwenye sola.

Usizime kila mahali. Stendi ya mguu mmoja unayoishika kwa mkono bado inatikisika, hapo acha imewashwa. Ukiwa karibu na mashine ya kusaga inayotingisha sakafu, jaribu njia zote mbili. Na upepo ni jambo jingine kabisa: kifaa hiki hutuliza kamera, hakitulizi jani la muhindi. Nenda asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, au jani lishikwe na mwenzako.

Wewe wa simu, na mfanyabiashara anayempigia mteja picha ya maharage, simu nyingi hazina swichi hiyo kwa picha za kawaida, usijisumbue kuitafuta. Iegemeze simu kwenye gunia, weka muda wa kujipiga sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise, kisha unitumie. Kiwavi mpige kichwani na mkiani, picha mbili tofauti.