Mdudu wa kweli, si wa kwenye programu

Ile makala ya hifadhidata niliyowaahidi itangoja kidogo. Leo nina kosa la kuungama, na halihusu kompyuta.

Pasaka ya 2024 nilikuwa nyumbani Mwingi. Mndimu wa mama, ule ulio kando ya jikoni, ulikuwa umejaa vidukari kwenye machipukizi. Majani yalikuwa yamejikunja na kufunikwa na ukungu mweusi kama masizi. Basi mimi na digrii yangu nikaenda dukani, nikauziwa dawa yenye imidacloprid, na saa nne asubuhi nikanyunyizia mti mzima. Nao ulikuwa umechanua! Jioni nilikuta nyuki wamelala chali chini yake, wengine wakizunguka palepale kama walevi.

Walikotoka tulikujua. Mzee jirani yetu ana mizinga ya magogo juu ya migunga, na asali ndiyo karo ya wajukuu wake. Mama akasema, "Nenda ukamwambie mwenyewe. Asisikie kwangu." Nikaenda. Mzee hakufoka. Aliniuliza tu, "Kijana, ulisoma maandishi ya kwenye chupa?"

Sikuwa nimesoma. Mimi ambaye kazini huwagombeza wenzangu kwa kutosoma maelekezo.

Usiku huo nikasoma. Dawa hiyo haibaki juu ya jani. Huingia kwenye utomvu wa mmea na kufika hadi kwenye nekta na chavua. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuitumia popote isipokuwa ndani ya nyumba za vioo, kwa ajili ya nyuki.

Mwezi Mei mama akapiga simu: vidukari wamerudi. Kidukari jike huzaa bila dume, tena huzaa watoto walio hai, kwa hiyo wakibaki wachache hujaza tawi upesi. Wale wadudu wekundu wenye madoa meusi ambao huwala, nilikuwa nimewaua pamoja na nyuki.

Hapo nikakumbuka ninavyomwambia kila mgeni kazini: usiwashe seva upya kabla hujajua imeangushwa na nini. Niliporudi nyumbani nikachukua kikombe cha chai, nikakaa chini ya mndimu, nikatazama. Sisimizi walikuwa wakipanda shina kwa mstari. Hawa hunywa maji matamu yanayotoka kwa vidukari, na kwa malipo hayo huwafukuza maadui wao, kama askari wa geti aliyehongwa. Ukungu mweusi nao humea juu ya maji hayohayo.

Nikazungushia shina utepe wa plastiki, nikaupaka grisi. Siku mbili baadaye sisimizi bado wapo! Kumbe tawi moja liligusa ukuta wa jikoni, wakapitia huko. (Wenzangu wa usalama wa mitandao, chekeni tu.) Nikalikata. Vidukari nikawaangusha kwa maji ya mpira, waliobaki nikawanyunyizia sabuni ya maji, kijiko kidogo kwa lita, jioni nyuki wakisharudi mzingani, tena kwenye machipukizi pekee, maua nikayaacha. Sabuni huua mdudu ikiwa mbichi. Ikikauka nyuki hadhuriki. Ya unga msitumie, huunguza majani.

"Na hawa je?" mama akauliza, akionyesha viwavi wanaofanana na mavi ya ndege. Hao ni watoto wa Papilio demodocus, yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano. Mti mkubwa hauumii wakila majani machache. Wakiwa kwenye miche, mama huwatoa kwa mkono na kuwahamishia kwenye mti huo.

Mzee mpaka leo hajaniambia kama mzinga wa karibu ulipona. Nikiuliza, ananipa simu yake nimtengenezee. Hela yake sichukui.