Kadi ya kliniki na hesabu za binti yangu



Mwanangu mdogo ana miezi minane. Kila tukitoka kupima uzito naangalia ile nukta mpya kwenye kadi. Ikiwa ndani ya kijani, nasema Alhamdulillah, kadi narudisha kabatini.

Juzi usiku dada yake wa kidato cha pili alikuwa akifanya hesabu za mteremko wa mstari. Akaichukua kadi. "Mama, tuchague nukta mbili. Tuone mstari umepanda kiasi gani, umekwenda pembeni miezi mingapi, kisha tugawe."

Wa miezi mitatu alikuwa na kilo 6, wa mitano kilo 7.2. Kilo 1.2 kwa miezi miwili, ni 0.6 kila mwezi. Kutoka mitano hadi minane, 7.2 mpaka 7.5. Hapo ni 0.3 kwa miezi mitatu: 0.1 tu! Kweli watoto hupunguza kasi wakikua, lakini si hivi.

Nilinyamaza. Mstari umelala mbele ya macho yangu, na mimi nimeridhika na kijani. Uji wenyewe nikimpa mwepesi kama maji. (Hesabu niliikimbia tangu shule, wanaonijua wanajua.)

Asubuhi tuliwahi kliniki. Nesi akaniuliza anakula nini, nikamwambia ukweli, na aibu yangu. Sasa anakula uji mzito, dagaa wa kusaga na parachichi, na ziwa bado ananyonya.

Tunapima tena Jumatatu, inshaallah. Niombeeni dua. Binti ameshachonga penseli.