Jioni ya Manzese

Ukipita Manzese, Dar es Salaam, saa kumi na mbili jioni, utasikia televisheni karibu kila chumba cha kupanga. Unguja walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Huku Bara matangazo yalianza mwaka 1994. Leo imekuwa yaya.

Tusiwahukumu akina mama wa hapa. Uani kuna jiko la mkaa na maji yanayochemka. Mlangoni bodaboda zinapita. Mimi muuguzi nimefunga vidonda vya moto vya watoto wengi, na ninaelewa kwa nini mama humketisha mwanawe mbele ya katuni.

Hata hivyo, mtoto hujifunza kusema kwa kujibiwa, na televisheni haimjibu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba aliye chini ya miaka miwili asiketishwe mbele yake, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku.

Basi saa hiyo iweke kwa wakati jiko linawaka. Aliye mdogo zaidi, mwombe jirani akushikie. Ukishaepua chakula, izime, mkae mkekani mzungumze.