Baba wa Binti na Kitabu cha Glasgow

Mtu aliyezoea hadithi za Bwana Msa ana namna yake ya kusoma. Hukaa mkao wa kutegua kitendawili. Kila aingiaye hadithini humtilia shaka: huyu alikuwa wapi usiku ule, yule mbona amejibu upesi hivyo, na mali itamwangukia nani? Hivyo ndivyo Muhammed Said Abdulla wa Unguja alivyowazoeza wasomaji wa Kiswahili tangu "Mzimu wa Watu wa Kale" ilipotoka mwaka 1960, na hivyo ndivyo Arthur Conan Doyle, mzaliwa wa Edinburgh, alivyowazoeza Waingereza kabla yake kwa hadithi za Sherlock Holmes. Jina la mwuaji huwekwa mwisho, na msomaji hulifikia kama msafiri afikavyo kisimani.

Kwa desturi hiyo Bwana mmoja, mzaliwa wa Mombasa na karani wa hesabu katika mji wa Glasgow, alikifungua kitabu kiitwacho "Laidlaw" jioni moja ya Novemba mwaka 2013. Kitabu hicho kilitungwa na William McIlvanney, kikatoka mara ya kwanza mwaka 1977, kisha kikaadimika madukani hata kilipochapishwa upya mwaka huo wa 2013. Karani alikuwa amesikia kazini kwamba hadithi zote za upelelezi za Uskoti za siku hizi zimezaliwa na kitabu hicho. Alikunywa chai yake, akavuta kiti karibu na taa, akajiweka tayari kumtafuta mwuaji.

Hakupewa nafasi. Kitabu kinaanza na mwuaji mwenyewe akikimbia njiani, na mwandishi anamsemesha kwa "wewe", hata msomaji ajione kuwa yeye ndiye akimbiaye. Baada ya hapo haupiti muda mrefu kabla ya jina lake kutajwa: Tommy Bryson, kijana tu. Msichana aliyeuawa ni Jennifer Lawson, na maiti yake imeonekana katika bustani ya Kelvingrove. Karani alijiona amepunjwa.

"Huyu mwandishi ameanzia mwisho," alimwambia mkewe.

"Basi kifunge ukalale," mkewe akajibu.

Hakukifunga, na kilichomzuia ni ile bustani. Kelvingrove ilikuwa mwendo wa dakika chache kwa miguu toka nyumbani kwao Partick. Mto Kelvin unapita ndani yake, chuo kikuu na mnara wake viko juu ya kilima, na ng'ambo ya pili limesimama jumba la makumbusho la mawe mekundu lililofunguliwa mwaka 1901. Binti yao alijifunza humo kupanda baiskeli. Na Jumapili nyingi, alipokuwa mdogo, walikwenda na karanga mfukoni kuwatupia kindi. Mtu husoma kwa utulivu habari za maiti iliyokutwa katika jumba fulani la London asilolijua. Kusoma kwamba mtoto wa watu ameokotwa chini ya miti ambayo wewe mwenyewe umesimama chini yake mvua inaponyesha, hilo ni jambo jingine.

Lugha ilimpa taabu kidogo, kwa kuwa watu wa kitabuni wanasema kama Glasgow isemavyo, wala si kama mwalimu wa Kiingereza afundishavyo. Lakini mtu aliyesema "ndia" nyumbani na kuandika "njia" shuleni hashindwi na mambo kama hayo. Baada ya siku mbili alikuwa akiwasikia masikioni kama watu wa kwenye basi lake la asubuhi.

Mpelelezi, Inspekta Jack Laidlaw, hakufanana na yeyote aliyepata kumsoma. Ni mtu wa karibu miaka arobaini, mwenye watoto watatu na ndoa iliyochakaa, na mara kwa mara hushikwa na maumivu makali ya kichwa. Katika mtoto wa meza yake ofisini, kwa siri kama mlevi afichavyo chupa, amefungia vitabu vya wanafalsafa Kierkegaard, Camus na Unamuno. Hupenda kuuzunguka mji kwa miguu na kwa basi. Anapewa msaidizi kijana, Harkness, ambaye moyo wake umegawanyika kati yake na Inspekta mwingine, Milligan. Na huyu Milligan dunia yake ni nyepesi sana: upande mmoja kuna watu, upande wa pili kuna wahalifu, na kazi ya askari ni kuwaponda hao wa pili. Laidlaw hayakubali hayo hata kidogo. Kwake yeye hakuna mazimwi. Kuna watu tu, na aliyeua ni mmoja wao.

Maneno hayo ni mepesi kuyakubali yakiwa kitabuni. Karani aliyakubali kwa jioni mbili tatu, akayasifu hata mbele ya wenzake kazini. Ndipo akafika mahali pa baba wa msichana, Bud Lawson.

Bud Lawson ni mtu mzito wa mwili na mkali wa tabia, Mprotestanti wa wale walioirithi chuki ya Wakatoliki kama wengine warithivyo shamba. Nyumba yake iko Drumchapel, mtaa uliojengwa pembeni mwa mji katika miaka ya 1950 ili kuwapa nafasi watu waliosongamana katikati ya Glasgow. Jumapili asubuhi anakwenda kutoa habari kwamba binti yake alikwenda kucheza dansi Jumamosi usiku na hakurudi. Akiisha kujua kwamba amekufa, habari za mahakama hataki kuzisikia. Anamtaka kijana yule mikononi mwake mwenyewe. Basi Tommy anasakwa na watu wa namna tatu: Laidlaw, anayemtaka akiwa hai, baba, anayemtaka afe, na wakubwa wa majambazi wa mji, ambao kila mmoja ana hesabu yake katika jambo hilo. Hakuna anayeuliza nani aliua. Linaloulizwa ni nani atamfikia kwanza. Jibu halitatolewa hapa, maana wako watakaopenda kulitafuta wenyewe.

Usiku wa nne, akiwa kitandani, karani alitambua kwamba haifungui kurasa kwa haraka kwa ajili ya Laidlaw. Alimtaka Bud Lawson afike kwanza. Alimwona katika mawazo yake kijana yule akiwa chini ya mikono ile mikubwa, akaridhika, akazima taa, akalala usingizi mzuri.

Ni jambo la kutazamwa kwa makini. Mtu wa mwisho kunyongwa katika Glasgow alinyongwa katika gereza la Barlinnie mwaka 1960, naye alikuwa na umri wa miaka 19. Wa mwisho katika Uskoti nzima alinyongwa Aberdeen mwaka 1963. Adhabu ya kifo kwa kosa la kuua ilisimamishwa mwaka 1965 na kuondolewa mwaka 1969. Kwa hiyo Tommy Bryson wa mwaka 1977, mahakama ikimshika, ingemfunga tu, haingemwua. Bali msomaji wa Partick, mtu mpole, asiyepata kugombana na jirani wala kuchelewa kulipa kodi ya nyumba, alikuwa amekwisha kumhukumu na kumwua kabla ya kusali usiku.

McIlvanney alijua alichokuwa akikitenda. Alizaliwa Kilmarnock mwaka 1936, mtoto wa mchimba makaa, akawa mwalimu hata mwaka 1975. Mwaka huohuo kitabu chake "Docherty", kinachosimulia jamaa ya wachimba makaa, kilipata tuzo ya Whitbread. Wako waliosikitika kumwona mtu wa namna hiyo anashuka, kama walivyodhani, kwenye hadithi za polisi. Hawakuona kwamba aliitumia hadithi ya polisi kama mvuvi atumiavyo chambo: msomaji anaifuata damu, na ndoana inamwingia yeye.

Jumamosi ya wiki ile mke wa karani alikuwa kazini usiku, hospitalini, wodi ambayo wauguzi hawaruhusiwi kushika simu. Binti, mwenye miaka kumi na saba, alikuwa amemwambia baba kwamba anakwenda kwa rafiki yake wa shule na kwamba saa tano atakuwa amerudi. Saa tano ikapita. Saa sita simu yake haikuita tena. Karani alisimama dirishani akitazama mvua na taa za barabarani, akakaa, akasimama. Kitabu kilikuwa mezani na hakuthubutu kukigusa. Akakifunika na gazeti, jambo ambalo baadaye lilimchekesha, lakini si usiku ule. Saa saba na nusu alikuwa amekwisha kuvaa koti ili aende kituo cha polisi, ndipo aliposikia ufunguo mlangoni.

Binti alikuwa amelowa, basi la mwisho limewaacha, simu imezimika. Kijana mmoja wa darasani mwao alikuwa amemsindikiza hata mlangoni.

"Mmepita njia gani?"

"Bustanini, Baba. Kelvingrove. Ndiyo njia ya mkato."

Baba aliketi, maana magoti yalimlegea. Kisha, badala ya kushukuru, akaanza. Ulikuwa wapi hasa? Kwa nini hukupiga simu kwa simu ya mwingine? Huyo kijana ni nani? Ni wa watu gani? Na lilipomtoka hilo la mwisho alilisikia kwa masikio yake mwenyewe, kwa sauti nzito aliyokuwa ameisoma wiki nzima. Bud Lawson naye alitaka kujua hilo: huyo kijana ni wa watu gani.

"Mama nilimwambia kila kitu," alisema binti, akivua viatu. "Kwamba tungechelewa, na nani atakuwako. Wewe sikukwambia yote. Wewe, Baba, huulizi ili ujue. Unauliza ili unikamate."

Akaenda kulala.

Mkewe aliporudi alfajiri alimkuta mumewe angali kitini, kitabu kimefunguliwa katikati. Alikuwa akikisoma tena, na safari hii alikuwa akitafuta jambo jingine. Bud Lawson aliwahi kumkataza binti yake urafiki na kijana Mkatoliki, akaona amemlinda. Alichokifanya ni kumfundisha kuficha. McIlvanney hasemi kwamba baba ndiye aliyeua. Si mwandishi wa kusema upuuzi kama huo. Anaonyesha tu jinsi nyumba inavyoweza kujaa sheria hata mtoto asiwe na pa kusemea ukweli isipokuwa nje.

Na yule mwuaji naye anaficha. Tommy anapendwa na mwanamume mmoja mwenye klabu ya usiku, Harry Rayburn, na mwaka 1977 jambo hilo lilikuwa bado kosa la jinai kwa sheria ya Uskoti. Uingereza ilikuwa imekwisha kuibadili sheria yake mwaka 1967. Uskoti ilingoja hata mwaka 1980. Kijana huyo anaogopa sheria, anaogopa mji wake, anajiogopa mwenyewe, na katika kujaribu kuwa mtu asiyekuwa yeye akamchukua msichana ambaye naye amezoea kujificha. Karani hakumsamehe. Hakuona sababu ya kumsamehe. Lakini tangu usiku ule hakuweza tena kumweka chini ya mikono ya Bud Lawson akalala usingizi mzuri. Kila alipojaribu, alimwona akikimbia, na mwandishi akimwita "wewe".

Wakati wa likizo ya Krismasi binti alikichukua kitabu bila kuomba, akakimaliza kwa siku mbili. Karani alingojea kwa hamu, akiwa ametayarisha maneno yake juu ya Laidlaw na mazimwi, juu ya Milligan, hata juu ya yeye mwenyewe kama angeupata ujasiri. Binti akamwuliza jambo ambalo hakuwa amelitayarishia.

"Jennifer mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko vipi?"

"Mpelelezi tunamjua hata vitabu alivyoficha mezani. Mwuaji tunamjua. Baba yake tunamjua. Hata majambazi wamepewa sura zao na nyumba zao. Yeye anaingia kitabuni amekwisha kufa. Alipenda nini? Alicheka vipi?"

Karani alimtetea mwandishi. Alisema kwamba labda ndivyo alivyokusudia, kwamba mtu akiuawa hugeuka kuwa kesi ya wengine, na kwamba kitabu hiki kilipata tuzo ya Silver Dagger ya chama cha waandishi wa hadithi za jinai. Alisema pia kwamba mwandishi huyu anaheshimiwa Uskoti nzima. Na kweli, alipofariki mwaka 2015, tuzo ya kila mwaka ya riwaya bora ya jinai ya Uskoti ilipewa jina lake mwaka uliofuata. Binti alisikiliza hayo ya siku ile kwa adabu.

"Ni kitabu kizuri, Baba," alisema. "Mimi nimeuliza tu yuko wapi."

Karani alinyamaza. Kisha akatafuta kalamu ya risasi, akakaa mezani, akaanza tena toka ukurasa wa kwanza, akitia alama ndogo pembeni kila mahali ambapo mtu yeyote, mama, rafiki au jirani, anasema neno lolote juu ya msichana yule alipokuwa hai. Alichukua muda mrefu. Binti alileta chai ya baba yake, akaweka na yake, akaketi upande wa pili wa meza.

"Umepata ngapi?"

"Ngoja, mwanangu," akasema, bila kuinua kichwa. "Bado nasoma."