Siku Niliyoulizwa Nataka Kubeba Kilo Ngapi

Mimi ni hamali wa soko la Kongowea, Mombasa. Nina miaka 41, na 19 kati ya hiyo imepita nikiwa chini ya magunia. Mwaka jana nilishindana kwa mara ya kwanza katika pawalifti, mchezo wa kunyanyua vyuma. Natoa ushuhuda huu kwa sababu miezi ya kujiandaa ilinifunza jambo ambalo miaka yote ya sokoni haikunifunza.

Asiyefanya kazi yetu huenda asijue jinsi gunia linavyofika mgongoni. Unasimama nyuma ya lori, unainama, mikono unaishikiza magotini. Wenzako wawili walio juu wanalivuta gunia hadi ukingoni, kisha wanaliachia. Hulioni. Unalisikia tu likitua mabegani, na hapo ndipo unapoujua uzito wake. Kanuni za mwaka 2019 zilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi, hazikuisha. Zilikuja usiku, zimeshindiliwa na kushonewa kilemba cha wavu juu. Sikuwahi kuuliza zina kilo ngapi. Aliyeuliza alionekana mvivu, na mimi nilikuwa na sifa zangu: waliniita Winchi. Jina hilo nililipenda kuliko nilivyoupenda mgongo wangu.

Alfajiri moja, lumbesa ilinitua upande. Nikasikia kitu kimealika chini ya kiuno. Nililifikisha gunia kibandani, nikalitua, nikashindwa kunyooka. Wiki 5 nililala mkekani. Mke wangu akawa ananivalisha kandambili kama mtoto, na jioni anauza mahamri ili tule. Wale waliozoea kuniambia "Winchi, hiki ni kitu kidogo tu, beba," sikuwaona mlangoni. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hiyo nilikuwa nikiisikia tangu utotoni, lakini niliielewa nikiwa chali, naitazama dari.

Mtaalamu wa viungo aliyenihudumia aliniambia hakuna kilichovunjika, na kwamba nikipata nafuu nitafute mtu anifunze kunyanyua. Maneno hayo yaliniudhi. Miaka yote hiyo nanyanyua, leo nifunzwe? Lakini maumivu hayana heshima kwa sifa za mtu. Baada ya miezi miwili nilikwenda kwenye jimu moja ya mabati huko Kisauni, ambako mzee mmoja huwafunza vijana kwa vyuma vya zamani na sahani za saruji alizozimimina mwenyewe.

Jioni ya kwanza alinipa chuma kitupu, kilo 20. Nilikichukua kama fimbo. Akaniambia, "Kirudishe, mdogo wangu. Hujakinyanyua, umekipokonya." Mwezi mzima hakuniongezea hata kilo moja ambayo sikuibeba vizuri. Alinifunza kujaza pumzi tumboni badala ya kifuani, kukaza kiuno kabla mzigo haujasogea, kuisukuma sakafu kwa nyayo nzima. Mgongo wangu ulikuwa umezoea kujikunja ili upokee gunia. Sasa ulipaswa kunyooka. Nilikuwa narudi nyumbani nimechoka kuliko siku za lori, na bado sijabeba nusu ya gunia.

Pawalifti ina minyanyuo 3. Wa kwanza, chuma kinakaa mabegani, unachuchumaa nacho kisha unasimama. Wa pili, unalala kwenye benchi, unakishusha hadi kifuani na kukisukuma juu. Wa tatu, unakiinua kutoka sakafuni mpaka usimame wima, magoti yamenyooka na mabega yamerudi nyuma. Kila mnyanyuo una majaribio 3, kwa hiyo mtu anapanda jukwaani mara 9. Waamuzi ni 3. Taa nyeupe mbili au tatu, umefaulu. Nyekundu mbili, umekosa. Uzito wako bora katika kila mnyanyuo unajumlishwa, na jumla hiyo ndiyo matokeo yako.

Mzee wetu hupenda kumtaja Hellen Wawira Kariuki, Mkenya aliyetwaa shaba ya pawalifti ya walemavu kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham, 2022. Katika mchezo wao mnyanyuo ni mmoja tu, ule wa benchi. Yeye alishindana upande wa wanawake wa uzito mwepesi. Kijana akija jimu anajivunia kifua, mzee humuuliza kama amewahi kumsikia dada huyo, kisha humwonyesha benchi.

Mzee aliponiambia niingie mashindanoni, tulikuwa na wiki 16. Siku 3 kwa wiki, baada ya kazi ya asubuhi, nilikuwa jimu. Wiki za mwanzo nilirudia mara tano tano kwa uzito wa wastani. Kadiri siku zilivyosogea, uzito ulipanda na marudio yakapungua, mpaka tukafika mnyanyuo mmoja mmoja. Wiki ya mwisho karibu sikugusa chuma, ili mwili upumzike. Kilichonitesa zaidi ni amri. Katika kuchuchumaa unangoja mwamuzi akuruhusu kushuka, na ukishasimama unangoja akuruhusu kurudisha chuma. Kwenye benchi amri ni 3: kushusha, kusukuma, kurudisha. Kuinua toka sakafuni, amri ni 1, ya kutua. Mzee alisimama mbele yangu kila jioni, chuma kimetulia kifuani mwangu, naye amenyamaza makusudi. Mimi niliyezoea kukimbia na mzigo ili uishe, nilikaa chini yake nikingoja neno.

Wiki 2 kabla ya safari ya mashindanoni alitoa karatasi na kalamu. Akaniuliza, "Jaribio la kwanza utaanza na kilo ngapi?" Nilikaa kimya. Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Mzigo ulikuja, nikaupokea. Basi nikataja uzito mkubwa kuliko wote niliowahi kuchuchumaa nao. Mzee akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba ukikosa unaweza kurudia uzito uleule au kupanda, lakini kushuka hairuhusiwi, na ukikosa mara zote 3 katika mnyanyuo mmoja, huna jumla. "Andika uzito ambao hata ungeamshwa usiku una homa ungeubeba," akasema. Nikaandika 120. Mkono ulikuwa mzito kuandika namba ndogo.

Nilipanda basi la usiku kwenda mashindanoni Nairobi, na begi lenye mkanda wa kuazima, mkate, mayai ya kuchemsha na soksi ndefu za kuchezea mpira za mwanangu. Soksi hizo ni za lazima, kwa sababu chuma hukwaruza miundi na damu haitakiwi kubaki juu yake. Upimaji wa uzito wa mwili huanza saa 2 kabla ya kunyanyua. Mizani ikasema kilo 72.6, nikaingia kundi la kilo 74. Mke wangu akapiga simu: "Baba watoto, umekula?" Nikamwambia nakula sasa hivi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Rudi na mgongo wako."

Jina langu liliposomwa, chuma kilikuwa tayari: kila upande sahani nyekundu ya 25, buluu ya 20, kijisahani cha 2.5 na kibanio. Sahani zile ziling'aa, na kila moja ina uzito wake umeandikwa. Nilisimama mbele yake nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona sokoni: mzigo umetulia, unanitazama, unaningoja. Nilikuwa na dakika 1 ya kuanza. Nikajaza pumzi, nikaingia chini yake. Taa 3 nyeupe.

Jaribio la pili, kilo 130, nilikosa. Mkunjo wa nyonga haukushuka chini ya usawa wa juu wa goti. Nilirudia uzito uleule, nikashuka nao mpaka nikajua nimefika, nikapata. Kwenye benchi nilikosa kilo 70 za kwanza kwa kusukuma kabla ya amri. Ile haraka ya zamani ilikuwa imenifuata hadi Nairobi. Nikarudi, nikangoja, nikazipata, kisha nikapata 77.5.

Mnyanyuo wa mwisho ndio wa mahamali. Niliinua 160, halafu 172.5, zote safi. Vijana walioketi kando walikuwa wameshajua kazi yangu, wakaanza kupiga makofi: "Weka mia mbili! Mia mbili, mzee!" Damu ilinichemka. Nilizisikia sauti za Kongowea zikiniita Winchi. Una dakika 1 tu ya kutaja uzito unaofuata. Nikaweka kiganja mgongoni, mahali palepale palipoalika, nikaiuliza ile sehemu kwa moyo wote. Nikatamka 180.

Nilisimama nazo. Chuma kilipita magotini polepole, kikakwama kama pumzi moja, kikaendelea. Nikanyoosha mabega, nikangoja mkono wa mwamuzi ushuke. Huo muda wa kungoja, kilo 180 zikining'inia mikononi, nilikuwa na amani ambayo siwezi kuieleza vizuri. Mzigo ule niliuchagua mimi. Jumla yangu ilikuwa 387.5, nafasi ya 4 kati ya 6. Nililia nyuma ya pazia, wala sikujificha.

Bado niko Kongowea, kwani watoto wanakula kwa kazi hiyo, na namshukuru Mungu kwa hiyo kazi. Lakini mimi na wenzangu 8 tulichanga tukanunua mizani ya kuning'iniza. Lumbesa ikija, tunaigawa mara mbili au inabaki kwenye lori. Mwezi wa kwanza wafanyabiashara wengine walituhama, na mfuko wangu uliona njaa. Wengi wamerudi. Mgongo wangu haujalala mkekani tena.

Ukitaka kuingia mashindano ya kwanza, ndugu yangu, anza na chuma kitupu, tafuta jicho la mtu mwingine likutazame, na uzito wa mwanzo uandike kwa unyenyekevu. Sifa za watu zisikushikie kalamu.

Wiki iliyopita alikuja kijana mpya, hajafika miaka 20. Lori la kwanza tu, akainama, mikono magotini, macho chini, akangoja kuangukiwa na gunia. Nikamshika bega.

"Simama, mwanangu," nikamwambia. "Geuka ulitazame kwanza."