Panya Mdogo wa Nyasi na Mwizi wa Mbegu

Wengi wetu katika Kitui na Makueni tukisema "panya" hatutofautishi. Yule wa ghalani, yule afukuaye mbegu shambani, na yule mdogo sana akaaye katika nyasi za ukingo wa matuta, wote huitwa jina moja na hupigwa kwa fimbo moja. Mimi ni karani, na kazi yangu ya kila siku ni majalada. Lakini Jumamosi huwa shambani kwetu Makueni, na kwa miaka kadhaa nimewatazama wanyama hawa. Naona yafaa wasomaji wapate habari zao, maana kutowatofautisha kwatugharimu mbegu na fedha.

Nianze na huyo mdogo. Uzito wake kwa kawaida haufiki gramu 10, na mwili wake, bila mkia, ni kama urefu wa kidole cha mtu. Ni ndugu wa yule panya mdogo wa nyumbani. Ila yule wa nyumbani asili yake ni Asia, naye ameenea duniani kwa kufuata mizigo ya wanadamu, na huyu wa nyasi ni mwenyeji wa Afrika tangu kale. Ziko aina nyingi zake, nazo hufanana mno hata wataalamu huzitenganisha kwa kuchunguza kromosomu. Hutembea usiku, akila mbegu za majani na wadudu. Kiota chake ni nyasi zilizochanwa nyuzi nyuzi, chini ya gogo au jiwe. Jike huchukua mimba siku zipatazo 20, kisha huzaa watoto wachache, vipofu na wasio na manyoya.

Msimu mmoja tulipokuwa tukiondoa mabua ya mtama tulikuta kiota namna hiyo, kikubwa kama ngumi, na ndani watoto wanne kama punje za maharagwe. Mama akainua jembe. Nikamwambia, "Mama, huyu siye anayefukua mbegu."

"Panya ni panya, mwanangu," akajibu. "Au wewe umemwuliza?"

Sikuweza kumlaumu. Msimu ule alikuwa amepanda mahindi mara mbili katika shamba lile lile, na mbegu za mara ya pili zilinunuliwa kwa fedha ya karo.

Mwizi mwenyewe ni panya wa shamba wa ukubwa wa kati, ambaye wataalamu humwita Mastomys. Alama yake ni matiti: jike aweza kuwa na 24, yamepangwa safu mbili toka kifuani hata kinenani. Ukimpata mtegoni, mgeuze kwa kijiti wala si kwa mkono mtupu, maana viroboto vya panya huweza kuleta tauni. Mimba yake ni siku 23 hivi, na mara nyingi huzaa watoto 10 na zaidi kwa uzao mmoja.

Kwetu watu wengi hupanda katika udongo mkavu mnamo Oktoba, ili mvua isikute shamba tupu. Mvua ikichelewa, mbegu hulala ardhini zikingoja, na huyu bwana hupita usiku akifuata mstari shimo kwa shimo, kama mkaguzi apitiaye daftari la hesabu. Hata zikiisha kuota, majuma mawili ya kwanza bado huifukua punje iliyo chini ya mche.

Je, kwa nini mwaka mmoja ni wachache na mwaka wa pili wamejaa? Tanzania wana panya huyu huyu, na huko Morogoro wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, wamemchunguza miaka mingi. Wameona kwamba kuzaa kwake hufuata mvua, majani mapya yanapochipua na kutoa mbegu. Mvua za vuli zikiwa nyingi kupita kawaida, watoto huzaliwa mapema, nao huwahi kukua na kuzaa kabla ya mwaka kwisha. Kenya tuliyaona hayo mwaka 1962, panya walipofurika mashambani baada ya mvua kubwa za 1961. Basi mkulima aliyefurahia mvua nyingi na ajue kwamba hatari yaja katika upandaji utakaofuata, na mitego itegwe mapema, tena na majirani wote pamoja, kwa kuwa panya hajui mpaka wa shamba.

Wako wanaochoma ukingo wa matuta ili kuwafukuza. Viota vya yule mdogo huungua, na udongo hubaki bila nyasi za kuushika. Lakini mwizi yumo shimoni, na moto hupita juu yake. Huko Morogoro mashamba yaliyofyekwa na kuchomwa yalionekana kuwa na panya wengi kuliko yaliyolimwa kwa trekta, kwa sababu jembe la trekta huvunja mashimo.

Sumu nayo ina hasara yake. Panya aliyekula sumu huliwa na paka au bundi, naye akafa. Bundi twamchukia kwa kudhani alialika msiba, hali chakula chake kikubwa ni panya. Tazama tu vile vidonge vya manyoya na mifupa anavyovitapika chini ya mbuyu.

Mwaka huu ukingo wetu haukuchomwa, na mitego ilitegwa kabla ya kupanda. Mama ameikubali mitego. Bundi bado hajamkubali.